Mama Mkwe Aliyeupa Uwanja Mgongo

Wenzangu wa cherehani pale sokoni Kibuye, tangu nirudi hamjanipa nafasi hata ya kutunga uzi kwenye sindano. Kila mmoja anakuja na swali lake: uwanja mpya uko vipi, unaingiza watu wangapi, ni kweli vyoo vinajimwagia maji vyenyewe? Nimeona niandike mara moja, msome mkingoja wateja, nami nishone kwa amani. Ila nawaonya mapema: mtu anayetaka habari za mabao amwulize mwingine. Sikwenda kwa ajili ya mpira. Nilikwenda kwa sababu miaka miwili iliyopita nilikuwa mshenga wa ndoa fulani, na ndoa hiyo ilikuwa inanifia mkononi.

Bwana harusi ni Ouma, yule kijana wa Nyalenda ambaye jina lake husomwa redioni mwisho wa orodha, miongoni mwa wachezaji wa akiba wa timu ya taifa. Bibi harusi ni Atieno wa Kendu Bay. Mimi ndiye niliyesimama mbele ya wazee wa Atieno nikasema kijana huyu namjua, ana adabu, hana mambo mengi. Kuku wa mshenga nilimla, na alikuwa mnono. Atieno alipokaribia kujifungua alirudi kwa mama yake, na Ouma alitakiwa aje na watu wake kumchukua, kwa maana kwetu mke aliye kwao hajirudishi mwenyewe, hufuatwa. Hakuja. Mtoto akazaliwa, wa kiume, akaketi, akaota meno mawili. Niliandika barua mbili. Kimya.

Sasa mwanamume mmoja wa Oyugis aliyefiwa na mkewe, mtu wa ng'ombe na posho mill ya kusagia mahindi, akapeleka maneno kwa baba wadogo wa Atieno. Wakamwambia watamjibu Jumapili. Jumatatu ya wiki hiyo hiyo mama yake Atieno akaniita Kendu Bay.

Kendu Bay hadi Kisumu

Nilidhani ananiita kunikemea, na nilikuwa nimeandaa majibu mazuri. Nilimkuta ameshafunga kiondo chake cha safari.

"Fundi," akasema, "wewe ndio ulileta huyu mtu kwa mlango yangu. Sasa tunaenda kumtafuta, mimi na wewe."

"Mama, mbona nisiende peke yangu?"

"Umeandika barua mbili. Barua haina macho. Anaiweka chini ya godoro, analala juu yake."

Nikamkumbusha kwamba mama mkwe hawezi kuingia nyumbani kwa mkwe wake hivi hivi tu. Alikuwa amelifikiria hilo.

"Nyumbani kwake siingii. Lakini redio imesema wako kwa uwanja mpya. Uwanja ni ya serikali. Si nyumba ya mtu."

Atieno alikuwa amekaa mlangoni na mtoto, anasikia yote. Nilimwuliza kama ana neno la kumpelekea mumewe. Akasema hana, akaendelea kumfuta mtoto mate.

Meli ya siku iliyofuata ilichelewa kwa sababu ya fahali. Mwenyewe alikuwa anampeleka Kisumu, lakini fahali alifika kwenye ubao wa kupandia akakataa kabisa. Walimvuta, wakamsukuma, wakamfunika macho na gunia. Kila abiria alitoa ushauri, hata mimi ambaye maisha yangu yote ni vitambaa. Mama Atieno alimtazama kwa muda mrefu, akasema, "Huyu anajua kule hawamtaki." Baada ya saa mbili na zaidi wakamwacha gatini, tukaondoka. Ziwa lilikuwa limetulia. Mama alitoa samaki, ngege wa kukaushwa, na kipande cha ugali baridi, akanipa nusu, akaniambia nile kwa sababu safari ya kutafuta mtu haina ratiba.

Kisumu, siku iliyozidi

Tulipofika tulikuta Kisumu nzima inataka kwenda Nairobi siku hiyo hiyo. Mabasi yote yalikuwa yamejaa. Watu walikuwa na matawi ya miti mikononi, wengine na pembe za kupulizia, kama wanaokwenda kumsindikiza marehemu mwenye heshima. Kwa sisi tuliozoea, hivyo ndivyo mpira unavyoendewa, lakini Mama alidhani kuna msiba. Aliniuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna, wanakwenda uwanjani. Akawatazama tena, akatikisa kichwa.

Tulilala kwangu Nyalenda. Mke wangu alimpokea vizuri, akampikia samaki wa mbuta na mboga za akeyo, wakaongea hadi wakanisahau. Nilimsikia Mama akisema mpira anaujua, kwa kuwa kila Jumamosi hukaa na redio akisikiliza mtangazaji anavyokimbia na maneno. Ouma akitajwa hata mara moja, Atieno huacha anachofanya. Kuuona kwa macho, hapana. Ule wa watoto pale uwanjani mwa shule tu, na huo hakuuhesabu. Nililisikia hilo bila kulitia maanani.

Asubuhi jirani alituambia kuna lori la sukari linapitia Mamboleo kwenda Nakuru, na dereva si mtu mbaya.

Mamboleo hadi Nakuru, juu ya magunia

Dereva aliitwa Wafula, mtu wa Bungoma, mnene, mcheshi, mwenye shati ambalo kola yake ilikuwa imeshonwa upya na mtu asiyejua kazi. Alimkaribisha Mama mbele. Mimi nilipanda nyuma, juu ya magunia, chini ya turubai. Tulipita mashamba ya miwa ya Miwani na Chemelil nikiona vumbi tu.

Baada ya Muhoroni barabara ilianza kupanda, na mvua ikashuka. Turubai lilikuwa na tundu, na tundu lilikuwa juu yangu. Maji yalipita kwangu yakaingia kwenye gunia nililokalia, na tulipofika Londiani suruali yangu, kitambaa nilichonunua mwenyewe na kukata mwenyewe, ilikuwa imeganda kwa sukari. Hapo lori likazama matope hadi ekseli. Wafula alishuka, akalitazama, akasema, "Hii sasa tukule kwanza."

Tuliingia kwenye kibanda cha mama mmoja wa huko. Baridi ya Londiani haina utani. Mama Atieno, mtu wa ziwani, alikuwa amejifunika leso tatu. Wafula akaagiza: sahani moja ya viazi na nyama kwake, na sahani moja kwetu sisi wawili. Mama akaiangalia ile sahani moja, akasukuma kiti chake nyuma.

"Kuleni," Wafula akasema. "Ama mmegombana? Mzee, nimeshangaa tangu Mamboleo. Bibi yako anakaa mbele na mimi, wewe unanyeshewa nyuma, na husemi kitu."

Mama Atieno alimwambia kwa sauti ya chini kabisa kwamba yeye ni mke wa marehemu baba Atieno, na huyu hapa ni mshenga. Uso wa Wafula ulibadilika. Aliomba radhi mara tatu, akaagiza sahani nyingine, akamwongezea Mama chai. Kisha akanigeukia mimi.

"Mshenga? Kwetu mshenga akishakula kuku yake, kazi imeisha. Mkigombana huko, ni nyinyi na Mungu."

"Kwetu," nikasema, "kuku haishii tumboni."

Alicheka hadi akakohoa. Lakini nawaambia ukweli, sikusema kwa mzaha. Tangu Kendu Bay nilikuwa naona aibu. Nilimtetea kijana mbele ya watu wazima, na watu wazima wakampa binti yao kwa sababu ya mdomo wangu. Nikiwa pale na suruali yangu ya sukari, nzi wakinifuata, niliona nastahili.

Vijana wa Londiani walitusukuma kutoka matopeni alasiri. Tulilala Nakuru kwa muumini mmoja wa kanisa la Mama, siku ya pili tukapata basi, na kuhusu njia ya Nakuru hadi Nairobi sina la kusema. Nililala.

Nairobi, langoni

Kambi ya wachezaji tulionyeshwa, na pale langoni askari alituambia hakuna kuingia. Nikamweleza kwamba tuna neno la nyumbani. Akasema kila anayekuja ana neno la nyumbani; asubuhi hiyo peke yake amewafukuza binamu kumi na mmoja wa mchezaji mmoja. Mama akamwuliza, "Na mama mkwe umeona ngapi?" Askari akafikiri, akasema hajaona hata mmoja. Alilainika kidogo. Hakutufungulia, ila alitueleza upande ambao wachezaji wa akiba hukaa, na akatushauri twende uwanjani mapema kesho yake, Ijumaa, tushike nafasi karibu na uzio.

Kasarani

Haya, uwanja. Ni mkubwa. Unauona kutoka mbali ukipanda juu ya nyasi kavu, na ukiingia ndani unasikia saruji mpya na rangi ambayo haijamaliza kukauka. Majani yake ni ya kijani sawasawa, hayana upara hata mahali pamoja. Vyoo, ndiyo, vina maji. Mama alikwenda mara mbili, na mara ya pili hakuwa na haja. Alitaka tu kuvuta ile kamba ya kumwagia maji.

Tulipata nafasi safu ya tatu kutoka chini, karibu kabisa na benchi la akiba. Nyuma yetu alikaa karani mmoja wa posta kutoka Machakos, mtu mwembamba mwenye tai, na mfuko wa karanga mapajani. Watu waliendelea kuingia hadi nikaacha kuwatazama. Matawi, pembe, ngoma, wimbo mmoja ukianzia huku na mwingine kule, hakuna aliyemsubiri mwenzake.

Timu mbili zikatoka kujinyoosha viungo. Mama alizitazama kwa makini, akaniuliza, "Hawa watoto wanatoka saa ngapi ndio wakubwa waingie?"

"Hao ndio wakubwa, Mama."

"Na hizo kaptura?"

"Ndizo nguo za mpira."

"Zote? Hata ya mtu mwenye bibi na mtoto?"

"Hata yake."

Redioni hakuna mtangazaji aliyewahi kutaja kaptura. Mama alijua kwamba watoto wa shule hucheza wamevaa kaptura kwa sababu ni watoto; watu wazima wa serikali, wanaopigiwa wimbo wa taifa, alidhani wanavaa suruali ndefu kama polisi. Kwa wale wenzangu ambao si wa kwetu, mjue kwamba mama mkwe na mkwe wake hawali pamoja, hawashikani mikono, na kumwona mapaja ni aibu ambayo haina maji ya kuiosha. Nami fundi wa nguo, niliyepaswa kulifikiria jambo la nguo kabla ya mtu yeyote, sikulifikiria.

"Ameshatoka?" akauliza.

Nikatazama. Ouma alikuwa anatoka wakati huo huo.

"Anatoka."

Mama Atieno akainuka, akavuta leso kichwani, akageuka, akaketi tena akiupa uwanja mgongo. Nilimwambia tuondoke. Akasema hakula vumbi la barabara yote hiyo ili aondoke.

Basi fikirieni hali ya yule karani. Ametoka Machakos kutazama mpira, na mbele yake, umbali wa mkono mmoja, ameketi mama asiyemjua anamtazama usoni. Kwanza alitabasamu. Kisha akalegeza tai. Mwishowe akaniinamia.

"Bwana, huyu mama ananitafuta nini? Mimi sina ubaya na mtu."

"Mama, mpira uko huku!" mwingine akapaza sauti, na safu nzima ikacheka.

Nikamweleza karani kwa kifupi: mkwe wake yuko uwanjani, amevaa kaptura. Yule mtu alikaa wima, wala hakucheka hata kidogo.

"Kumbe!" akasema. "Hata sisi Wakamba. Mimi nikimwona mama mkwe njiani, naingia kichakani na tai yangu." Akawageukia waliokuwa wanacheka, akawaambia wamheshimu mama wa watu. Akahamisha magoti yake ili Mama apate nafasi ya miguu, akampa karanga. Kuanzia hapo mchezo wote alitazama kichwa kikiwa upande, kwa adabu, na shingo lazima ilimuuma.

Kipindi cha kwanza kilipita hivyo. Ouma aliketi benchini. Kipindi cha pili, wachezaji watatu wa akiba waliambiwa wapashe moto misuli, wakaanza kukimbia polepole kando ya mstari, wakija upande wetu. Ouma alikuwa wa mwisho. Aliinua macho kuwatazama watu, na watu wote maelfu kwa maelfu walikuwa wamemwelekezea nyuso, isipokuwa mmoja. Akauona ule mgongo.

Nilimwona akisimama. Wenzake waliendelea. Akatazama mgongo, akanitazama mimi niliyekuwa kando ya Mama, na hapo hakuwa na haja ya kuambiwa. Hakuna mwanamke duniani anayekwenda uwanjani akae hivyo ila mmoja, na hafanyi hivyo kwa sababu ya mwanamume mwingine. Akakimbilia benchini, akachukua suruali ndefu ya mazoezi, akaivaa. Kocha akampigia kelele aivue, kwa maana alikuwa anataka kumwingiza. Ouma akasita. Kocha akapiga kelele tena. Akaivua, akaingia akiwa ameinamisha kichwa.

"Anafanya nini?" Mama akauliza.

"Amepewa mpira. Ametoa. Amepewa tena. Ameangushwa."

"Ameumia?"

"Ameinuka."

Mama akashusha pumzi, akakubali karanga nyingine. Hakugeuka hata sekunde moja, na huo ndio mpira nilioutazama.

Kwenye uzio

Mchezo ulipokwisha Ouma alikuja, suruali ndefu mwilini. Alisimama upande wake wa uzio, macho chini. Mama alisimama upande wetu, amegeukia kando. Kati yao ningeweza kunyoosha mkono nikawagusa wote wawili, lakini maneno yote yalipitia kwangu.

"Mwambie tumefika salama," Mama akasema.

"Mwambie nimefurahi," Ouma akasema. Sauti yake haikuwa ya mtu aliyefurahi.

"Mwulize barua alizipata."

"Mwambie nilizipata. Zote mbili." Akaivuta ile suruali kiunoni. "Mwambie niliona aibu. Niliondoka Nyalenda nikisema nitakuwa kumi na moja wa kwanza. Watu walinipigia ngoma. Ningerudi kwa wakwe na nini? Na benchi?"

Mama hakungoja niseme. "Mwambie Atieno hakuolewa na mpira."

Ouma akashika waya wa uzio. Nilimweleza mimi mwenyewe habari za mtu wa Oyugis, na kwamba baba wadogo wanatoa jibu Jumapili. Akasema Jumapili kuna mechi, kubwa kuliko hii, na baada ya leo huenda akaanza. Mashindano yakiisha tu, atakuja.

"Mwambie Jumapili ni Jumapili," Mama akasema. "Na mwambie mtoto ana meno mawili."

Wenzake walikuwa wanamwita. Alisema, "Mwambie nimesikia," akaenda. "Nimesikia" si "nitakuja", na mimi na Mama tulilijua hilo sote. Tukafuata umati hadi stendi ya basi.

Kurudi

Jumamosi tulisafiri mchana kutwa hadi Ahero, kisha kwa njia ya Katito tukafika Kendu Bay jioni. Basi halikuharibika. Mambo mabaya yalikuwa yamekwisha kutumia zamu yao wakati wa kwenda.

Jumapili baada ya kanisa baba wadogo wawili walikaa kivulini, redio katikati, na mimi nikakaa nao kwa kuwa sikuwa na pengine. Mtangazaji akaanza kusoma majina. Atieno alisimama mlangoni, ungo mkononi. Yakasomwa kumi na moja, Ouma hayumo. Yakasomwa ya akiba, moja baada ya jingine, na yakaisha.

"Labda wamemwacha tu," yule mkubwa kati ya baba wadogo akasema. "Hiyo haimaanishi kitu. Yule wa Oyugis anangoja neno."

Atieno akaweka ungo chini. Akamchukua mtoto, akamwogesha, akampaka mafuta, akamvalisha shati jeupe. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Mama yake aliingia jikoni akafunga mlango.

Mechi ilikuwa haijafika mapumziko Ouma alipotokea kwenye njia ya miti, na mjomba wake na mzee mwingine wa kwao, wote wamejaa vumbi. Walisimama langoni hadi walipokaribishwa, kama inavyotakiwa. Wakapewa viti. Redio ikazimwa.

"Walikuacha?" baba mdogo akamwuliza, kabla hata ya maji ya kunywa.

"Hapana. Niliomba ruhusa."

"Wakakupa?"

"Hapana."

Wazee wakatazamana. Atieno akatoka, akapita mbele yetu sote, akamwekea Ouma mtoto mikononi. Mtoto akamtazama yule mtu mgeni, akakunja uso, akaanza kulia kwa sauti yake yote, akimnyooshea mama yake mikono. Alilia muda mrefu sana, na Ouma hakumrudisha.